Dakika Tano za Mtani

Kwa miaka yote niliyomjua, mtani wa baba hakuwahi kuiitikia shikamoo yangu. Nilikuwa nikishuka kwenye basi pale Nangurukuru, naingia kibandani kwake anakouza chakula, naitoa shikamoo kwa adabu zote nilizofundishwa, naye anajibu bila kugeuka kutoka kwenye sufuria: "Sitaki shikamoo ya ukoo wa walafi. Kaa ule uondoke, usinifukuzie wateja." Abiria wageni walishtuka. Wao aliwaambia "Karibu kiti" kwa sauti laini, maana heshima aliwawekea watu asiowajua. Mimi nilikaa nikala, na moyoni nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Alikuwa Mmatumbi wa milimani, sisi ni watu wa pwani ya Mchinga, na kwetu na kwao ni watani tangu enzi za mababu. Asiyeujua utani wa huku hudhani ni masihara ya kupitisha muda. Ni kazi. Mtani ana haki ya kukusema lolote mbele ya yeyote, nawe huruhusiwi kununa. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kukuigiza. Anavaa kama wewe, anatembea kama wewe, anakoroma kama wewe, mpaka wafiwa wanacheka na machozi bado hayajakauka. Hapo ndipo tanga linaanuliwa na watu wanarudi makwao.

Baba alikuwa bwana afya wilayani Kilwa kabla hajastaafu na kurudi kuishi Mtanda, Lindi mjini. Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo na vibanda vya chakula, na huko ndiko walikokutana. Akitokea tu, mtani alipaza sauti: "Jamani funikeni sahani, nzi mkubwa kaingia!" Baba, ndani ya koti lake jeupe, alitangaza kwamba kibanda ni kichafu na leo anakifunga. "Ila kwanza nipe chapati na maharage, nifunge nikiwa na nguvu." Akila ya kwanza aliomba ya pili, na kibanda hakikufungwa hata siku moja. Bwana afya huyo, aliyewapanga watoto wa shule msururu wapate chanjo, mwenyewe akiona sindano alitafuta ukuta wa kuegemea. Mtani alilijua hilo, kama alivyoujua usingizi wake wakati wa hotuba ya Ijumaa.

Walikuwa na ahadi yao. Atakayetangulia, mwenzake atamtania hata jeneza licheke. "Kufa siogopi," baba aliniambia mara nyingi. "Naogopa atakayoyasema yule mwanamke." Alisema hivyo huku akicheka peke yake, na niliona wazi kwamba alikuwa akiingoja siku hiyo kama mtu anayengojea karamu.

Mimi ni mwandishi, na kejeli ndiyo kazi yangu. Kila wiki nina safu yangu gazetini, nawasema wakubwa kwa mafumbo ili mhariri alale salama. Habari za wenzangu wa kale nimezisoma kadiri nilivyozipata: waliowacheka wafalme wakafukuzwa mijini, waliojificha nyuma ya hadithi za fisi na sungura, washairi wa pwani yetu hii waliomchamba tajiri kwa beti tamu hadi tajiri mwenyewe akaziimba. Wote nawavulia kofia. Lakini wote walifanya kazi yao huku jicho moja likiwa mlangoni. Mtani wa baba hakuwa na haja ya kutazama mlango. Nafasi yake msibani ilikuwa inajulikana, kama ya imamu inavyojulikana, na mimi nilimwonea wivu.

Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam akaushika msiba. Kaka ana cheo, na wenye vyeo wenzake walikuwa njiani. Mazishi yalikwenda haraka kama dini inavyotaka. Siku ya kuanua tanga ndiyo iliyofanyiwa matayarisho: turubai mbele ya nyumba, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, spika ndefu kuliko mimi, na mshereheshaji mwenye tai. Nilimkumbusha kaka kuhusu mtani.

"Sitaki fujo mbele ya wageni," akasema. "Mwanamke mzima avae kama mzee, ajigaragaze chini? Watatuonaje?"

"Baba aliingoja siku hii, kaka."

"Baba hayupo. Mimi ndiye nitakayeonekana."

Tulibishana mpaka mama akakohoa kutoka chumba alichokalia eda. Kaka akalegea. "Basi, nitamwingiza kwenye ratiba. Dakika tano. Asimame kwenye maiki aseme kistaarabu."

Nilidhani nimeshinda.

Mtani alifika na furushi kwapani, amelifunga kwa kanga. Mshereheshaji akamwonyesha kiti na kumweleza kwamba zamu yake itafuata baada ya salamu za ofisi. Nilimsikia akiuliza, "Zamu ya nini?" Akaelezwa tena, taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa namna ya kumeza dawa. Akakaa, furushi mapajani, mikono juu ya furushi.

Hotuba zikaanza. Mwakilishi wa ofisi alisema marehemu alikuwa mchapakazi asiyejua kuchoka. Jirani mmoja alisema alikuwa mnyenyekevu. Mwingine, ambaye nina hakika hakuwahi kukutana naye, alisema tumepoteza nguzo. Nilimtafuta baba katika maneno yote hayo nisimwone, nikaingiwa na hofu kwamba kumbe tumekaa kwenye msiba wa mtu mwingine.

"Sasa tunamkaribisha mtani wa marehemu," mshereheshaji akasema. "Dakika tano, tuzingatie muda."

Aliliacha furushi kitini. Akashika maiki kwa mikono miwili, akasimama wima.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu," akaanza, kwa sauti ya taarifa ya habari. "Alikuwa akila kidogo sana. Akiletewa sahani ya pili, alikuwa akiikataa kwa uchungu mkubwa. Hotuba ya Ijumaa aliisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho kwa kutafakari. Na ushujaa wake mbele ya sindano, sisi tulioushuhudia hatutausahau."

Mimi katika maisha yangu sijaandika kejeli safi kama ile. Kwa pumzi moja alikuwa amemcheka marehemu, hotuba zote zilizotangulia, kaka, na ile maiki. Nikangoja watu waangue kicheko. Wakatikisa vichwa kwa majonzi. "Kweli kabisa," akasema mmoja wa wenye vyeo, na jirani yetu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilicheka peke yangu pale mkekani kwa wanawake, na mama zangu wadogo wakanikumbatia mabega haraka, wakidhani kilio kimenizidi.

Alimaliza kabla ya muda wake. Mshereheshaji akamshukuru kwa maneno mazito. Kaka akapita karibu yangu akaninong'oneza: "Umeona? Kumbe naye anaweza kuongea vizuri."

Kesho yake tulipanda basi moja, mimi narudi Dar es Salaam, yeye kwake. Njia nzima hakunitukana. Basi liliposimama Nangurukuru ili abiria wapate kula, nilimfuata kibandani. Alilifungua furushi juu ya meza. Lilikuwa na koti jeupe aliloliazima zahanati, ameshonea kifuani mfuko mkubwa wa kuingia chapati za kutosha msikiti mzima. Chini yake palikuwa na bomba la sindano alilolichonga kwa mti wa muhogo, refu kama mkono wangu.

"Nimemzika vibaya baba yako," akasema. "Kaningoja miaka yote ile, nami nimekwenda kumsifia."

"Mimi nilielewa, shangazi."

"Wewe ulikuwa mmoja. Yeye aliwataka wote." Akalikunja koti. "Na mimi je? Yeye ndiye aliyekuwa aje msibani kwangu. Sasa atakuja nani? Kaka yako na maiki?"

"Nitakuja mimi."

Akalisukuma furushi kando. "Haya. Nitanie. Hapa hapa, basi halijaondoka."

Wateja walikuwa wanakula, na wengine waliinua macho. Nilisimama. Maneno nilikuwa nayo, ndiyo yanayonilisha. Nikasema supu ya shangazi ni mali ya kale, na kwamba mbuzi wake alikuwa akichungwa na masultani wa Kilwa wakati msikiti mkuu unajengwa. Sentensi ilitoka imenyooka, imepigwa pasi. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa heshima akaendelea kutafuna. Hakuna aliyecheka. Mtani alikuwa akinikazia macho, na niliona jinsi alivyokuwa akitamani kucheka, jinsi alivyokuwa akinisaidia kwa uso wake wote, na kicheko hakikuja.

"Umesema vizuri," akasema.

Alinifungia chapati kwenye karatasi. Dereva akapiga honi. Nilimlilia baba ndani ya basi lile kuliko nilivyomlilia Mtanda, na majuto yangu yalikuwa kwamba kile alichokingoja kuliko vyote tulikuwa nacho mkononi, tukakipangia muda.

Nilipita tena baada ya mfungo. Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga supu yake. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

Nilingoja nitukanwe. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akageuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu kiti."