Antoni Ageuzwa Ukutani

Mtunza kanisa letu, hapa kwenye vichochoro vya kale vya Napoli, huwapangusa watakatifu vumbi kwa fulana kuukuu, akianzia miguuni, huku akiwasema kama wapangaji wasumbufu. Jumatatu Bi Nunziata, muuza samaki, alikuja kuwasha mshumaa akakuta sanamu ya Mtakatifu Antoni imegeuzwa uso ukutani.

“Kafanya nini tena huyu?”

“Penalti moja tu nilimwomba iingie. Ikapaa.”

“Basi mwache hapohapo. Na mshumaa wangu hapati, nampa Mtakatifu Lusia.”

Bi Nunziata alipotoka, mzee mtunza kanisa alivua skafu yake, akamzungushia Antoni shingoni. “Ukuta una unyevu,” alimnong’oneza kwa ukali. “Usije ukanikoholea katikati ya misa.”