Hodi Kutoka Ndani ya Ghala

Atakayesema natunga, aje Kilwa nimwonyeshe ghala lenyewe, akae humo adhuhuri moja tu. Mimi sina shida ya kuaminiwa. Shida yangu ni mwanangu.

Nilikuwa mhudumu wa makumbusho ya mji wetu: nafagia, nakaribisha wageni, nawatembeza. Jengo lenyewe lilikuwa duka la tajiri wa zamani, aliyenunua sandarusi, nta na pembe za ndovu kutoka bara. Baadaye likawa ghala la korosho, likafungwa, popo wakahamia, mpaka lilipopakwa chokaa likaitwa makumbusho. Mizani yake kubwa ya kuning'inia bado imo ghalani. Kibao kinasema ilipima bidhaa. Bibi yangu alisema ilipima na watu, ila hilo kwenye kibao hawakuliandika.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, wanaume wote msikitini, mji kimya. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, niliyoihangaikia mpaka mawifi walishaanza kumtafutia kaka yao mke mwingine. Nafagia ukumbini, nikasikia, "Hodi!"

Kwetu hodi ya adhuhuri huiitikii mpaka umwone mwenyewe. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini kutwa nzima kazi yangu ni kusema karibu, mdomo ulishazoea. "Karibu!" nikajibu. Ndipo nikagundua sauti imetoka ghalani, na ghala nimelifunga kufuli mwenyewe. Wallahi, nikaushika ufagio kwa mikono miwili.

Akatokea mzee wa kanzu, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo," nikasema. Mtu wa kweli si angeitikia marahaba? Huyu alinitazama tumboni.

"Umenikaribisha ndani ya nyumba yangu mwenyewe," akasema. "Haya, panda."

Unadhani nilikimbia? Miguu ilinipeleka yenyewe, nikajikuta nimekaa kwenye sahani ya mizani, naning'inia kama gunia. Akaitazama mizani, akacheka. "Wawili. Mmoja wangu."

"Mwanangu hapimwi hapa, mshenzi wewe!" Nikamrushia ufagio, nikaanguka, nikapiga mayowe. Wanaume waliotoka msikitini ilibidi wavunje kufuli kunitoa. Ndiyo, kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje, na mimi nimo ndani. Nani alinifungia?

Kazi niliacha siku ileile. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mgongoni mzito hasa. Lakini kliniki akitundikwa kwenye mzani, mshale hautikisiki. Nesi alidhani mzani mbovu. Akamtundika mtoto wa mwenzangu, ukasoma. Akamrudisha wangu, hakuna kitu. Sasa hataki hata kumshika. Mawifi ndio usiseme.

Nawe ukiingia kwenye majumba hayo, tazama, piga picha, toka. Ukisikia hodi ya mtu usiyemwona, funga mdomo. Mimi wangu nimeufunga. Lakini mwanangu kaanza kusema. Juzi adhuhuri tulikuwa wawili tu chumbani, hakuna aliyebisha wala aliyeita. Akageukia mlango, akacheka, akasema, "Karibu."