Ramadhani ya Sulaiman Kwenye Barafu
Rukiya wa Kibokoni alikuwa ameuza makoti ya manyoya Deira, Dubai, kwa miaka minane. Ndiyo, manyoya, kwenye joto lile! Wateja wake wengi Warusi, na kwa kuwapima mabega na kuwasikiliza, mambo ya baridi aliyajua kuliko mtu yeyote wa Mombasa.

Kwa hivyo Ijumaa moja mwanzoni mwa 2016, Sulaiman, rafiki wa mumewe Zein, alipokuja chumbani kwao Al Muraqqabat na habari za gesi iliyolala chini ya ardhi ya barafu kaskazini mwa Urusi, Rukiya alitega sikio. Ati kampuni inachimba, inataka walinzi, mshahara mara tatu. Kinachotakiwa ni pasipoti ya Zein, leo hii hii. Mbona haraka hivyo?

Zein alikuwa keshaitoa mfukoni. Miaka saba akilinda jengo moja International City, alikuwa amechoka. Rukiya akaitazama ile pasipoti. Pasipoti ikienda na mwenye kuichukua akapotea, watamtafuta wapi?

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," Sulaiman akasema, anacheka hadi magego yanaonekana. "Mimi mwenyewe nimekaa huko miaka miwili. Ramadhani ya mwaka jana nimefunga yote kambini."

"Mashallah." Rukiya akammiminia kahawa. "Ilikuwa mwezi wa sita na wa saba, eh? Mkifuturu saa ngapi?"

"Jua likizama tu, kama hapa. Tende, maji, tunaswali magharibi."

Rukiya akaweka birika chini. Lo! Mtu huyu hana haya hata chembe.

"Ndugu yangu, wateja wangu wanatoka kwenye visima hivyo hivyo vya gesi. Wanasema miezi hiyo jua halizami, usiku na mchana liko juu. Waislamu walioko huko hufuata saa za mji mwingine. Wewe uliliona wapi likizama?"

Sulaiman akacheka, akakohoa, akatazama simu ambayo haikulia. Kahawa hakuimaliza. Alivaa viatu huku amekanyaga visigino, huyoo, akashuka ngazi.

"Umeona, Baba Afrah?" Rukiya alifurahi hata akapiga kigelegele. "Nimekuokoa! Kesho nenda kazini kwako, khalas."

Zein alikuwa bado ameshika pasipoti. Hakuinua macho.

"Kazi nimeacha jana, Mama Afrah," akasema. "Sulaiman aliniambia nisikwambie."