Swali la Saba

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani, kijijini Nuu, kungoja kazi, na kazi haikuja. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi niliyosomea akaniomba nishike darasa la saba, kwa kuwa mwalimu wao alikuwa amehamishwa na hakuna aliyetumwa badala yake. Nilidhani ni kwa muhula mmoja. Wa pili ulipoanza, aliniita ofisini akanieleza kwamba tumealikwa kupeleka watoto Nairobi kwa siku mbili, wakaone jumba la makumbusho na uwanja wa ndege, na walale katika bweni la shule ya huko. Katika walimu wote ni mimi tu niliyewahi kuishi Nairobi, kwa hiyo kazi ya kuwatayarisha ikawa yangu.

Mwingine angefurahi. Mimi nilichoka kabla sijaanza. Niliwaza mtoto akivuka barabara bila kuangalia. Niliwaza mtoto akianguka kwenye ngazi, maana wengi wao hawakuwa wamewahi kupanda ngazi yoyote. Nilichora barabara kwa majivu uwanjani, nikaligawa darasa, nusu wawe magari na nusu wawe watu. Magari yaliwagonga watu kwa makusudi na watu wakaanguka wakicheka. Nikapanga madawati yakawa ngazi, wakapanda na kushuka hadi dawati moja likavunjika mguu.

Siku niliyowafundisha choo cha jiji, niliwaambia kwamba ukimaliza unavuta mnyororo na maji yanasafisha kila kitu. Watoto hawa walikuja shuleni kila Jumatatu na vidumu vya maji kutoka mtoni, maji yaliyochotwa kikombe kwa kikombe kwenye shimo la mchangani. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye hakuacha jambo lipite bila kuliuliza, alitaka kujua kama maji hayo ni machafu.

Nikamwambia ni safi, ni yale yale ya kunywa.

"Basi mimi, mwalimu, sitavuta," alisema. "Nitaona haya."

Darasa halikucheka. Walikubaliana naye.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kulala. Nilitengeneza fomu ya wazazi, nikaichapa kwa taipureta ya ofisini, maswali tisa. Mtoto ana ugonjwa wowote? Kuna chakula asichokula? Swali la saba liliuliza kama mtoto hukojoa kitandani. Nililifikiria sana kabla ya kuliandika. Niliona ni busara: tungejua mapema, tungebeba nailoni ya kutandika chini ya shuka, na mtoto asingeaibika. Niliandika juu ya fomu kwamba majibu yatakuwa siri.

Mimi niliyewaza kila kitu sikuwaza jinsi barua inavyosomwa kwetu, na nilizaliwa huko. Akina mama wengi hawakujua kusoma. Barua ilipelekwa dukani, na mwenye duka aliisoma kwa sauti akiwa amesimama nyuma ya kaunta, kisha akaandika jibu kama alivyoambiwa. Waliokuja kununua sukari walisikiliza. Barua ya mume aliye Mombasa ilisikilizwa na wote, na ya msiba pia, na hakuna aliyeona ubaya. Mama yake yule msichana wa dawati la mbele alifika dukani Jumamosi, siku ya soko. Aliulizwa swali la saba mbele ya watu, na kwa kuwa lilitoka shuleni, akajibu ukweli.

Jumatatu watoto walimpokea msichana langoni wakimuuliza mvua imenyesha kwao kiasi gani, na kama mahindi yameota. Jumanne hakuja. Wala Jumatano.

Mwalimu mkuu alisema watoto husahau. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima aliyekuwa amenifundisha hata mimi kushika kalamu, hakunifariji. "Kijana wangu, ungeniuliza," alisema. "Hawa wote nimewajua tangu wakiwa wadogo. Hiyo fomu yako ningekujazia mimi bila kumuuliza mtu."

Alhamisi nilikwenda kwao. Njiani nilitunga hotuba tatu na zote zikaniishia mlangoni. Mama yake alinipa kiti na uji, akaniuliza kwa upole kama alikosea kujibu. Alisema alidhani serikali ndiyo inauliza. Nilimwambia hakukosea, niliyekosea ni mimi. Alionekana kutoamini kwamba mwalimu anaweza kusema hivyo.

Msichana alikuwa akipura mbaazi nyuma ya jiko. Nikamwambia nimepata njia: tutawaamsha wasichana wote mara mbili usiku, wote, ili asijulikane mtu. Aliendelea kupiga mbaazi kidogo.

"Wakiamshwa wote watajua ni kwa ajili yangu," alisema.

Ilikuwa kweli. Nilimwambia jina lake liko kwenye orodha na halitatoka. Nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka kama niliyelima siku nzima.

Jumatatu alirudi darasani, akakaa dawati la mbele, hakuuliza kitu. Siku ya safari alikuja alfajiri na kifurushi chake, akawa wa kwanza kuingia basini. Waliomcheka walikuwa na mambo mengine ya kutazama. Nikaanza kuamini kwamba mwalimu mkuu alisema kweli.

Tulisimama Matuu, mji ulio njiani, jua limeshapanda, na kila mtoto akapewa soda. Walikunywa kwa haraka kama ng'ombe waliofika kisimani. Yeye aliishika yake bila kuifungua. Nilimwona akiilamba midomo yake, imepasuka.

Nikainama nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa.

"Siumwi. Nitakunywa kesho tukirudi."

"Umekunywa maji saa ngapi?"

"Jana mchana, mwalimu."

Nilitaka kumlazimisha, lakini kiti cha nyuma kilikuwa kimenyamaza kusikiliza. Nikarudi kwenye kiti changu. Siku nzima alitembea na wenzake katika jumba la makumbusho, akapanda ngazi zote, akatazama ndege zikiruka, na kila mahali palipokuwa na bomba yeye alipita upande wa pili.

Asubuhi nilisimama nje ya bweni la wasichana mapema kuliko ilivyofaa. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyelala nao, alitoka akiwa amejitanda leso.

"Kukavu," alisema, akapita kwenda kunawa.

Saa sita mchana, basi lilipoiacha Thika, msichana alimwomba jirani yake amfungulie soda yake ya jana kwa meno. Aliimaliza bila kupumua. Kisha akaniuliza kwa sauti, kutoka kiti cha mbele hadi nilipokaa nyuma, kama ipo nyingine.