Spana ya Kumi na Tatu

Baba mdogo wangu hakuwahi kushika kitu cha chuma bila kukigonga kwanza na kukisikiliza. Kijiko alikigonga ukingoni mwa kikombe, akainamisha kichwa, ndipo akakoroga chai. Komeo la dirisha, funguo, hata ndoo mpya ya mkewe: ting, kisha kimya, kisha uamuzi.

"Huyu siku moja atanigonga mimi kichwani," mama mdogo alikuwa akisema.

"Wewe nilishakusikiliza zamani," naye alijibu. "Ndiyo maana nikaoa."

Alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa uwanja mdogo nyuma ya nyumba, wenye paa la mabati na benchi la mbao lililokunywa oili miaka mingi mpaka likawa jeusi na laini kama ngozi. Juu ya benchi hilo lilikaa sanduku la vifaa ambalo mafundi wenzake walilicheka. Spana za ghali, nzito, za kuaminika, zililala ubavu kwa ubavu na takataka za kununua kando ya barabara. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Kifaa chochote alianza kununua cha rahisi. Kikidumu, kikae. Kikivunjika au kikichoka, basi hicho ndicho mikono yake ilichokihitaji, na cha pili alinunua cha ghali, hata kama ingembidi asubiri miezi. Kwa hiyo nyundo yake ilikuwa ya rahisi tangu nikiwa mtoto, na koleo lake, lililofungwa utepe mweusi mpinini, lilikuwa la rahisi vilevile. Spana za saizi ya kumi, ya kumi na tatu na ya kumi na saba zilikuwa za ghali. Nilipokuwa mtu mzima nilipenda kulitazama sanduku lile. Lilionyesha waziwazi mahali ambapo maisha yake yalikuwa yamesuguana na dunia.

Hizo tatu hakumwazima mtu. "Chukua nyundo," aliwaambia majirani. "Chukua hata jeki. Hizi tumefunga ndoa."

Binti yake, ambaye sote tulimwita Bosi kwa sababu alianza kumwamrisha baba yake kabla hajajua kutembea vizuri, alisomea ufundi kama yeye. Gereji kadhaa zilimkataa. Fundi mmoja alimwuliza kama amekuja kufagia. Mwishowe mwenye gereji moja kubwa alikubali kumjaribu kwa mwezi mmoja, kwa sharti kwamba aje na vifaa vyake mwenyewe. Asipofaa, basi. Hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Tulikwenda dukani watatu, mimi nikiwa msuluhishi, maana njia nzima walikuwa wakibishana. Bosi alilitaka sanduku jekundu la plastiki lililojaa spana na soketi za kila saizi, zinameta kama meno mapya. Baba mdogo aliichomoa moja, akaigonga kwenye meza ya mwenye duka. Ilitoa sauti butu, kama ya kijiko cha mbao.

"Mzee, unanunua spana au kengele?" mwenye duka akauliza.

"Baba, humo kila saizi imo," Bosi alisema.

"Imo. Na itakula kona za nati mojamoja, mpaka wakufukuze. Chukua tatu nzuri. Nyingine utanunua polepole."

"Niingie pale na spana tatu kwenye kitambaa? Watanicheka."

"Watacheka asubuhi. Mchana watakuja kukuazima."

"Baba." Sauti yake ilishuka. "Wewe hujawahi kuwa msichana gerejini."

Pesa ya kununua vyote viwili baba mdogo hakuwa nayo. Aliirudisha spana mahali pake taratibu, akaipangusa alama ya kidole chake kwa kona ya shati.

"Mfungie sanduku lake," alimwambia mwenye duka.

Wiki chache baadaye mama mdogo aliniita. "Njoo umtazame baba yako mdogo mikono. Mimi hanijibu."

Nilimkuta benchini. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka, kimoja kimefungwa kitambaa. Spana ilikuwa imeteleza, alisema, jambo la kawaida. Lakini mimi sikuwahi kusikia spana ikimteleza. Nilifungua sanduku nimtafutie kitambaa safi, na hapo mahali pa zile tatu nikaona vyuma vyepesi, vinameta kama meno mapya.

"Uliziweka kwenye lile sanduku jekundu," nilisema.

"Punguza sauti."

"Bosi anajua?"

"Nimwambie ili azirudishe? Akizihitaji atazijua. Ana masikio."

"Na vidole vyako?"

"Vidole ni vyangu, mwanangu. Mwezi mmoja havifi."

Bosi alinisimulia mwenyewe jinsi alivyozijua. Kulikuwa na gari kuukuu, bolti ya bomba la moshi imeshikwa na kutu, na fundi mmoja alikuwa ameshateleza nayo mara mbili. Mwenye gereji akamwita yeye, huku wengine wakisogea kutazama. Alichomoa kumi na tatu bila kuitazama, akaigonga kwenye rimu, kwa sababu ndivyo alivyokua akiona.

"Dada, ililia," aliniambia. "Ile sauti ya nyumbani, ya asubuhi, wakati mimi bado nimelala na yeye keshaanza kazi. Nilitaka kulia, lakini wote walikuwa wananitazama. Nikafungua bolti."

Alibakizwa kazini. Jioni ile alikuja mbio na spana zote tatu, akifoka na kufuta machozi kwa mkono mchafu, mpaka uso mzima ukawa na mistari ya grisi. Baba yake alizikataa. "Hizi zangu mpya nazijaribu. Zikivunjika nitanunua za ghali. Si ndio utaratibu wetu?"

Zilivunjika, naye hakununua. Miaka ikaenda, nguvu zikampungua. Alianza kuchagua kazi nyepesi, kisha akabaki kukaa benchini akiongea na wateja, na mwishowe akalala kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha linalotazama gereji. Bosi alikuwa akija kila Jumapili. Jumamosi moja alinipa ile kumi na tatu nimtangulizie. Yeye sasa alikuwa na yake mpya, nzuri, aliyoinunua kwa mshahara wake.

Niliiweka kiganjani mwa baba mdogo, nikamweleza. "Bosi anasema sasa ni zamu ya spana hii kurudi nyumbani."

Aliishika muda mrefu. Chuma kilikuwa kimelika pale ambapo kidole gumba chake kilizoea kukaa, na kidole kikapata mahali pake. Kisha akaigonga kwenye fremu ya kitanda, polepole sana, akainamisha kichwa kwenye mto wa kulalia mpaka mlio ulipoisha wote.

"Mrudishie leo hiihii," alisema. "Atakuwa na kazi nayo. Mimi sina tena."