Karatasi ya Chupa ya Kagya

Mimi si mtu wa kusifu watu bure. Miaka kumi na minne nimenunua mbegu za kagya, mmea wa msituni unaotambaa, hapa Nkwantaso, na wachumaji wote nawajua kwa ujanja wao. Huyu analowesha gunia lizidi uzito, yule anachanganya changarawe, mwingine anachuma maganda mabichi na kuyaanika juu ya bati ili nidhani yamekomaa. Mama mmoja tu, Dufie, hakuwahi kunifanyia hata kimoja. Alisubiri maganda yakauke kwenye mmea wenyewe, huku upepo mkavu wa Januari ukitupasua midomo, ndipo akaingia msituni na panga lake. Alirudi na mbegu nyeusi, bapa, zimepepetwa zote.

"Dufie, hata kijiwe kimoja hukuniwekea?" nilikuwa nikimchokoza.

"Mawe uliyonayo kichwani yanakutosha, Mjomba Ntim."

Aliniita mjomba kwa sababu mpwa wangu Yeboah alikuwa akimtaka binti yake, Birago. Na kwetu, katika mambo ya ndoa, mjomba ndiye mwenye neno. Kabla ya kupeleka vinywaji vya posa, mimi ndiye niliyetakiwa kuichunguza ile nyumba. Kuna mwizi humo? Kuna kifafa? Kuna mwendawazimu? Wao walijua nachunguza, nami nilijua kwamba wanajua. Tangu siku posa ilipotajwa, kila neno kati yangu na Dufie lilivaa nguo za kanisani.

Na Dufie alikuwa na mwana, Amponsah. Alikwenda Libya kwa njia ya jangwani na wenzake watatu. Baada ya miaka mitatu akarudi peke yake. Akawa anakaa chumbani ameelekea ukuta, hali, halali, haongei. Mama yake alituambia ni malaria. Malaria ya miezi saba, jamani, nani atasadiki? Mara mbili nilimwona Dufie akishuka kwenye gari la mjini pamoja na kijana wake, kifuko cha dawa cha hospitali amekifunga kwenye pindo la kitambaa. Sikuuliza. Ningeuliza, ingekuwa ni mjomba wa bwana harusi anayeuliza kama nyumba ina kichaa, na jibu lolote lingemwangukia Birago. Niliwapenda wale watoto. Nikajifanya sina macho.

Alhamisi moja Dufie alikuja ghalani kwangu. Kwa mila yetu Alhamisi ni siku ya ardhi kupumzika, hakuna anayeingia msituni wala shambani, kwa hiyo alikuwa amevaa vizuri. Wiki ile mtu wa kampuni inayonunua mbegu zangu alikuwa ameniachia chupa moja ya vidonge ili nione mzigo wetu unageuka nini huko ng'ambo. Miaka yote tulikuwa hatujui. Wengine walisema wanatengeneza rangi, wengine risasi. Nilikuwa nimewaonyesha wachumaji chupa ile kwa majivuno, utadhani niliitengeneza mimi.

"Mjomba, ni kweli Wazungu wanazila?"

"Wanazisaga, wanakamua kitu kilichomo, wanakifanya vidonge. Wanasema kwenye ubongo wa mtu mna kitu kinachompa utulivu na usingizi. Kikipungua, moyo unakuwa mzito. Hizi mbegu zetu zinausaidia mwili kukitengeneza."

"Ati Wazungu nao wanahuzunika? Na magari yote yale?"

"Wanahuzunika mpaka wanakula mbegu ambazo hata mbuzi wako anaziacha."

Alicheka kidogo. Akaomba nimpe ile chupa. Magoti, akasema, magoti yalikuwa hayamlazi usiku. Nikamwambia achukue tu, mimi sina haja nayo. Hapo ndipo aliponiomba nimsomee karatasi iliyokunjwa ndani.

Nikavaa miwani, nikawa nasoma na kutafsiri. Huenda ikasaidia usingizi. Huenda ikapunguza huzuni na maumivu ya kichwa. Wataalamu bado hawajakubaliana. Vidonge viwili kwa siku. Chini kabisa, ndani ya kisanduku, palikuwa na mstari mmoja mweusi: asitumie mtu anayekunywa dawa za hospitali za huzuni au za akili, kwani zikikutana zinaweza kumdhuru vibaya.

Niliuona mstari ule. Nikainua macho, nikamwona Dufie amekaa ukingoni mwa benchi, mikono ameibana katikati ya magoti, ananitazama mdomo. Kumsomea maneno yale mama wa binti tunayemposa, tena mimi, mjomba, ingekuwa kumwambia usoni kwamba tunajua alichokificha. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni kwangu.

"Basi, ndiyo hayo," nikasema.

Siku ile niliiita heshima. Leo naiita uoga.

Wiki tatu baadaye nilipita kwao nikamkuta Amponsah anafagia uwanja. Naapa kwa macho haya. Mifupa mitupu, lakini ufagio uko mkononi.

"Mjomba Ntim," akasema, "mbona umezeeka hivi? Nilikuacha na meno."

"Nilimwazima mtu, hajarudisha."

Akacheka. Dufie alikuwa jikoni anamtwangia fufu aliyoiomba mwenyewe, na mchuzi wa mawese ulikuwa motoni. Alikuwa anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Sijui kama ilikuwa dawa ya hospitali, au vidonge vyetu, au moyo wa kijana ulikuwa umechoka kukaa gizani. Mwezi ule tukapeleka vinywaji vya posa, na Amponsah alikaa na wazee wao, shati limepigwa pasi. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana sana.

Kisha chupa ikaisha. Mtu wa kampuni angerudi Machi, na Dufie hakuthubutu kuniuliza mara ya pili, maana magoti gani hayo yanayomaliza chupa nzima? Lakini nyumbani kwake kulikuwa na gunia zima la kagya. Mchumaji wa kagya atafikiri nini? Kilichomo kwenye chupa kimetoka kwenye gunia. Akazikaanga, akazisaga, akawa anachanganya kwenye uji wa mwanawe kila asubuhi, kwa kukisia tu. Alipoona mkono wa kijana unatetemeka kidogo akadhani dawa imepungua, akaongeza.

Jumamosi asubuhi Birago alinijia mbio, kwa kuwa mimi ndiye mwenye pikapu. Tulimkuta Amponsah anawaka moto, jasho limelowesha mkeka, miguu inarukaruka, meno yanagongana. Hakumtambua mama yake. Tukambeba hadi kituo cha afya cha njia panda. Muuguzi wa zamu alikuwa binti wa kabila la Ewe, Sista Eyram, ambaye hakuwahi kumtibu Amponsah.

"Amekula nini? Anatumia dawa gani?"

Dufie hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi.

"Ni malaria," akasema. "Hajanywa kitu."

Nikaelewa. Nikatoka nje ili apate nafasi ya kusema. Nilisimama karibu na ukuta, nikasikia Sista akimuuliza tena, kwa upole, na Dufie akijibu vilevile, hajanywa kitu. Baadaye nilijua kofia yangu ilikuwa inaonekana dirishani. Mjinga mimi, nilitoka ili asinione, nikasimama pale pale anaponiona. Na nilikaa pale muda gani? Dripu ya kwanza ilikuwa imefika nusu nilipoingia tena.

"Sista, anakunywa dawa za huzuni za hospitali. Na juu yake kuna kagya. Chupa nilitoa mimi."

Dufie akajifunika uso kwa kitambaa chake, na kutoka humo ndani akasema, "Na mbegu. Nilimsagia mbegu." Sista Eyram alikuwa ameshaanza kukimbia. Wakamvua nguo, wakamfunika vitambaa vya maji baridi, wakampigia simu daktari wa hospitali kubwa, wakaita gari. Amponsah alifia njiani, kabla ya daraja. Mama yake alikuwa amempakata kichwa.

Nilimuuliza Sista kama ile nusu saa niliyosimama nje ingemwokoa. "Sijui, mzee wangu," akasema. Afadhali angenidanganya.

Wazee wa kwetu walipoketi kuamua kama posa iendelee, waliniuliza nilichokuta katika uchunguzi wangu. Nikasimama nikasema nyumba ile haina doa. Ni kweli kabisa, na ningesema hivyo hata mwanzoni kama tungezungumza kama watu. Kijana alikuwa na huzuni. Huzuni tu, iliyomtoka jangwani. Birago na Yeboah wakaoana mwaka ule.

Lakini kabla ya hapo, siku ya arobaini ilipopita, nilimwendea Dufie na ile karatasi mfukoni. Alikuwa ameketi kando ya turubai, maganda yameanikwa juani, yanapasuka moja moja na kurusha mbegu. Sikuzunguka. Nikavaa miwani nikamsomea yote, mpaka kwenye kisanduku.

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"Siku ile uliuona huo mstari?"

"Niliuona."

"Ukajua ni wa nani?"

"Nikajua."

Akaokota mbegu iliyorukia sketi yake, akairudisha turubaini. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningepumua kidogo.

"Ungenisomea, ningekukatalia," akasema. "Ningekuambia hapa kwetu hakuna mtu anayekunywa dawa kama hizo."

"Najua, Dufie."

"Ningekukatalia, Mjomba. Lakini ningekuwa nimesikia."