Mashine ya Kazi Nne

Nilisikia mlio wa randa umebadilika, nikapiga kelele, "Hapo kuna fundo, shemeji! Sukuma polepole!" Sikugeuka. Nilikuwa nimempa mgongo, napasua mbao za saipresi upande wa msumeno wa mashine hiyo hiyo. Kumbe hakuwa anasukuma ubao wowote. Alikuwa anafagia maranda kwa kiganja, na visu vilikuwa vinazunguka, kwa sababu mota ni moja na mimi ndiye niliyeiwasha. Niligeuka nilipoona maranda miguuni pangu yamekuwa mekundu.

Huyo ni mume wa dada yangu. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki na kidole gumba peke yake.

Mashine hiyo tuliinunua Meru, katika chuo kimoja cha ufundi karibu na Kinoru. Ilikuwa imetupwa nyuma ya jiko, kuku wametaga ndani. Ya zamani, chuma kizito: inapasua, inapiga randa, inatoboa, inachonga miguu ya meza. Kibao chake kilikuwa na maandishi ya Kizungu ambayo hata mwalimu wa pale alisema si Kiingereza. Juu ya visu vya randa hapakuwa na kifuniko. Nikakiona kimening'inizwa kwa waya kwenye mti wa mukima, kinagongwa ili wanafunzi waingie darasani.

"Mkuu, na kile?" nikauliza.

"Kile sasa ni kengele," mkuu wa chuo akajibu. "Na wewe uliyeachia darasa la nne, kengele ni ya nini?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikapakia mashine.

Kwetu Majimbo, hapa Embu, tuliikwangua kutu kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, tukabadilisha beringi, tukasaka mikanda mpaka Nairobi. Siku ilipozunguka, shemeji alisimamisha shilingi wima juu ya meza ya mashine. Haikuanguka. Alicheza kama mtu aliyepata mtoto. Kifuniko nilitengeneza cha plaiwudi, lakini kila ubao mnene ulikwama hapo, basi nikakitoa mwenyewe nikakisukumia juu ya dari.

Na huku kwetu muthoni hakemewi. Mume wa dada yako ukiwa na neno naye, unalizungusha. Nilimwona akifagia kwa mkono mara nyingi, na nilichoweza kusema ni utani tu: "Shemeji, huo mkono uko na ndugu?"

"Uko na pacha yake huku!" akaniinulia wa kushoto.

Angekuwa mtu wa kibarua ningemfokea mpaka atoroke.

Kisha kuna mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Alitaka viti vya kanisa alivyotuagiza viishe kabla askofu hajafika, na kila asubuhi alikuja kutusimamia, gazeti kwapani. Siku ya ajali alimkuta shemeji amekaa, ananingoja nimalize kupasua ndipo naye apige randa. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote, mmoja mmoja.

"Mashine iko na midomo miwili, na nyinyi mko wawili," mwenyekiti akasema. "Huyu anangoja nini, parapanda?"

Shemeji aliona haya, akainuka kwenda upande wa randa. Nilipaswa kuzima. Nikainama nikachukua ubao mwingine, na mwenyekiti akaenda zake.

Jumapili iliyofuata aliomba mbele ya waumini, akasema ajali ile ni kazi ya Shetani. Askofu alifika, akasifu viti. Mkuu wa chuo, nilipomwendea, aliniambia mashine niliichukua nikiiona kwa macho yangu. Dada yangu haniulizi kitu. Anamkatia mumewe nyama, anamfunga vifungo vya shati, lakini sahani ya kwanza ananipa mimi kwa sababu ni kaka yake, nami nakula na vidole vyangu vyote.

Basi langu nimelisema: kifuniko nilikitoa mimi, na mota sikuizima. Mkuu wa chuo naye aseme lake. Lakini wewe mwenyekiti, Shetani hakuonekana Majimbo asubuhi ile, ulionekana wewe. Jumapili simama pale pale ulipoombea, dada yangu akiwa kiti cha mbele, umwambie kwa mdomo wako ulichomwambia mumewe. Nitakuwa nimesimama kando yako. Utakuja, ama hutakuja?